Barua ya Wazi kwa Gavana na Bunge la Kaunti ya Nakuru: Fedha Zitangulie Kufuli

Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Nakuru,
Mheshimiwa Spika wa Bunge la Kaunti,
Waheshimiwa Wawakilishi wa Wadi,

Nawasalimu kwa heshima. Najua barua zinazofika ofisini mwenu ni nyingi, kwa hiyo nitalitanguliza ombi lenyewe kisha nieleze sababu zake. Naomba kwamba katika makadirio ya bajeti ya mwaka wa fedha ujao, Kaunti ya Nakuru itenge kasma maalumu, yenye jina lake na kiasi chake, ya kuzisaidia familia ambazo bado zina makao lakini zimekaribia kuyapoteza. Siombi jengo jipya la kuwahifadhi waliokwisha kulala barabarani, ingawa jengo hilo nalo lina haja yake. Naomba fedha za kutumika katika zile wiki chache zilizo kati ya siku kodi ya nyumba inapokosekana na siku kufuli la mwenye nyumba linapotundikwa mlangoni, kwa maana katika wiki hizo msaada mdogo hufanya kazi ambayo baadaye hata msaada mkubwa hauiwezi.

Anayeishi Kaptembwo, Rhonda, Kivumbini au Free Area hahitaji kuelezwa jinsi mambo haya yanavyokwenda, lakini si kila linalojulikana mtaani hufika katika vikao vya bajeti. Mpangaji wa chumba kimoja hutakiwa kulipa kodi mwanzoni mwa mwezi, na hulipa kwa fedha alizozipata kwa kibarua cha ujenzi, kwa kufua nguo za watu Milimani na Section 58, kwa boda boda, au kwa kuuza mboga kando ya barabara. Nyuma ya fedha hizo hakuna akiba. Mtoto akilazwa, au mjengo ukisimama kwa kukosa saruji, au pikipiki ikishikwa, kodi ya mwezi huo haipatikani. Mtunza ploti huja mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa sauti ya juu ili majirani wasikie, na mara ya tatu huja na kufuli. Wapo wanaong'oa mlango, wapo wanaoondoa mabati mawili matatu juu ya kitanda, na wapo wanaokata umeme na maji tu wakingoja mpangaji aondoke mwenyewe.

Jambo lisilopimwa katika bajeti zetu ni kile kinachobaki ndani ya chumba kilichofungwa. Humo mna godoro na sufuria, lakini pia mna cherehani ya fundi, pasi ya dobi, jiko la muuza chapati, vitambulisho, kadi za kliniki, sare na vitabu vya watoto. Mwenye nyumba huvishikilia mpaka alipwe, na mpangaji hawezi kulipa kwa sababu zana za kumtafutia malipo hayo ndizo zilizofungiwa. Deni la mwezi mmoja huwa la miezi miwili, hali mwenyewe halali tena humo. Chumba kingine kinadai dipoziti pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza, yaani mara mbili ya fedha ambazo tayari zilikuwa zimekosekana. Hapo familia hugawanyika: mama na mtoto mchanga huenda kwa dada yake, baba hulala kwenye mjengo anakofanya kazi, na vijana husambazwa kwa marafiki. Ukarimu wa ndugu una kikomo chake, hasa ndugu huyo naye anapokuwa na chumba kimoja, na mvulana wa miaka kumi na mitatu, ambaye ni mkubwa mno kulala sakafuni mwa watu na mdogo mno kujitegemea, mara nyingi ndiye huwa wa kwanza kwenda kujitafutia pa kulala mjini. Wanaomwona siku chache baadaye karibu na steji humwita chokoraa, kana kwamba alizaliwa na jina hilo.

Hesabu tulizo nazo zinaonyesha mwisho wa safari hiyo tu. Sensa ya kitaifa ya familia za mitaani iliyofanywa mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini. Nakuru ilikuwa na 2,005, Uasin Gishu 2,147 na Kisumu 2,746. Mwaka uliofuata, sensa ya watu na makazi, ambayo iliihesabu kaunti yetu kuwa na wakazi 2,162,202, iliandika watu 20,101 pekee waliolala nje katika nchi nzima. Sidhani kwamba zaidi ya nusu ya watu hao walipata nyumba katikati ya hesabu hizo mbili. Naona badala yake kwamba mtu asiye na anwani ni vigumu kumhesabu, na kwamba jibu hubadilika kulingana na namna swali linavyoulizwa. Hakuna kati ya hesabu hizo iliyomgusa mama aliyelala kwa dada yake, wala baba aliyelala kwenye mjengo. Kwa hiyo hata kabla ya shilingi moja kutolewa, liko jambo ambalo Kaunti inaweza kulianza: kuwaandika wanaofungiwa nyumba, wadi kwa wadi, kwa sababu gani na kwa deni la kiasi gani. Ratiba ya Nne ya Katiba imeziweka takwimu na nyumba katika aya ile ile ya majukumu ya kaunti, na sidhani ni kwa bahati tu.

Naomba pia mniwie radhi kwa kukumbusha jambo lisilopendeza. Mwezi wa Februari 2019 watoto na vijana wa mitaani walichukuliwa hapa mjini Nakuru, wakasafirishwa na kuachwa msituni katika kaunti jirani ya Baringo, na suala hilo likachunguzwa hadi Seneti. Uongozi wa wakati huo ulikuwa mwingine, na sikusudii kuwabebesha ninyi mzigo wake. Ninalotaka mlione ni kwamba usiku ule gari lilipatikana, dereva alipatikana na mafuta yalipatikana. Kuwaondoa watu machoni hakukosi fedha, hata pale ambapo hakuna kasma iliyoandikwa kwa kazi hiyo. Kuwazuia wasifike mtaani ndiko kunakosemekana kuwa ni ghali.

Kuhusu sheria, sitawachosha, kwa kuwa mna mawakili wenu. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika na ya kutosha, na Ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya malazi bila kungoja wazazi wake wapate kazi. Ibara ya 20 inasema kwamba serikali ikidai haina rasilimali za kutekeleza haki za namna hiyo, ni juu ya serikali yenyewe kuthibitisha kwamba rasilimali hizo hazipo. Tarehe 11 Januari 2021, Mahakama ya Juu, katika kesi ya Mitu-Bell iliyohusu wakazi waliobomolewa makao yao karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, ilishikilia kwamba hata waliokuwa wamekalia ardhi ya umma bila hati wana haki ya makazi inayostahili kulindwa. Sheria ya Ardhi nayo, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inamtaka anayewaondoa watu waliokalia ardhi bila idhini awape notisi ya maandishi ya angalau miezi mitatu. Hapa pana kinyume ambacho mtu wa mtaani anakiona upesi: aliyevamia ardhi anastahili miezi mitatu, ilhali aliyelipa kodi kwa miaka sita na akakosa mwezi mmoja anafungiwa alasiri moja.

Mtaniambia kwamba mpangaji huyo ana baraza lake. Ni kweli Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, imeunda baraza la kusikiliza migogoro ya wapangaji, na inakataza mpangaji aliye chini yake kuondolewa bila amri ya baraza hilo. Lakini ulinzi huo unaishia kwenye nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa zamani, wakati ambapo fedha hizo zilikuwa kodi ya nyumba nzuri. Leo mpangaji wa chumba cha shilingi 3,000 chenye choo cha kushirikiana na ploti nzima hahesabiwi kuwa mtu wa kulindwa na sheria hiyo. Kukirekebisha kiwango hicho ni kazi ya Bunge la Kitaifa, si yenu. Naitaja ili ionekane kwamba pengo lililopo ni kubwa kuliko linavyodhaniwa, na kwamba wanaolitumbukia ndio wengi.

Kazi iliyo yenu imeandikwa wazi: nyumba ni jukumu la kaunti. Nalisisitiza hili kwa sababu ya yaliyotokea kwenye basari, yaani msaada wa karo. Mwaka 2025 Mdhibiti wa Bajeti alizitaka kaunti ziwe na makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa kabla ya kutoa basari za shule za sekondari na vyuo, kwa hoja kwamba elimu hiyo si jukumu la kaunti, na mvutano ukafika mahakamani. Kwa miaka yote ya ugatuzi, basari imekuwa fahari ya wawakilishi wa wadi, na mimi siipingi, maana nawajua watoto walioinuka kwayo. Lakini basari imetuachia somo moja la kiutawala: Kaunti inajua kupokea maombi ya maelfu ya familia maskini, kuyachuja katika kamati ya wadi, na kupeleka malipo moja kwa moja shuleni bila kupitia mkononi mwa mzazi. Weka mwenye nyumba mahali pa shule, na mfumo ninaouomba tayari mnao. Tena huu hauna utata wa kikatiba ule wa basari.

Huenda Wizara ya Fedha ya Kaunti ikajibu kwamba ipo Hazina ya Dharura. Hazina hiyo inasimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, ambayo inaweka kikomo cha matumizi yake kuwa asilimia 2 ya mapato ya kaunti, na inaiwekea sharti kwamba jambo linalolipiwa liwe la haraka na lisilotarajiwa. Kodi inayokosekana mwezi wa Januari, baada ya karo, inatarajiwa na kila mtu. Hata mafuriko hayawezi tena kuitwa yasiyotarajiwa. Ziwa Nakuru limekuwa likipanuka kwa zaidi ya miaka kumi na limezifukuza familia za upande wa Mwariki na Barut. Ziwa Naivasha liliingia nyumba za mtaa wa Kihoto mwaka 2020 na likarudi tena mwaka 2025. Mkasa wa mafuriko wa Mai Mahiu wa tarehe 29 Aprili 2024, uliowaua makumi ya watu usiku mmoja, huo ulikuwa wa dharura kweli, na hakuna ambaye angelaumu Hazina ya Dharura kufunguliwa siku ile. Lakini mpangaji wa Kihoto ambaye maji yanapanda inchi kwa inchi kuelekea kizingiti chake ana wiki kadhaa za kuhamishwa kwa utaratibu, akilipiwa dipoziti mahali pakavu, kabla hajawa mkimbizi wa kulala darasani. Tukisubiri mpaka awe wa dharura, tunamlipia hema na chakula cha msaada kwa muda usiojulikana.

Na mtu asinijibu kwa kunionyesha majengo. Nyumba 605 za bei nafuu za Bondeni ni jambo jema, na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 imeitaja hata ile nyumba ya kijamii ya mtu anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Ila nyumba ya kununua kwa miaka mingi haimsaidii aliyekosa kodi ya mwezi mmoja.

Je, msaada wa namna hii hufanya kazi, au ni huruma tu? Swali hili ni halali, na lina jibu lililopimwa. Jijini Chicago, nchini Marekani, wakazi wanaokaribia kupoteza nyumba hupiga simu kwenye kituo kimoja kuomba msaada wa mara moja wa kulipia kodi. Siku nyingine fedha huwapo, siku nyingine zimekwisha, na mpigaji hawezi kujua mapema. Watafiti waliwalinganisha waliopiga simu fedha zikiwapo na waliopiga zikiwa zimekwisha, watu wa hali moja waliotofautishwa na bahati ya siku tu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliokuta fedha walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 76 wa kuingia katika makao ya wasio na nyumba ndani ya miezi sita. Nakuru si Chicago, na sisi hatuna hayo makao ya kuingia, jambo ambalo kwa maoni yangu linaipa hoja uzito zaidi: kwao anayekosa msaada hupata angalau kitanda cha umma, kwetu hupata kibaraza cha duka. Uingereza nako, kwa sheria ya mwaka 2017 iliyoanza kutumika Aprili 2018, halmashauri za England zina wajibu wa kumsaidia mtu pindi anapokuwa katika hatari ya kupoteza makao ndani ya siku 56. Halmashauri za London zinalalamika kila mwaka kwamba fedha hazitoshi (nasema London ile ya kwao, si wadi yetu ya London yenye jaa la Gioto na familia zinazolala kandokando yake), lakini mabishano yao ni juu ya kiasi. Kama wajibu huo upo au haupo, hilo kwao lilikwisha amuliwa.

Sasa nieleze jinsi ninavyoona fedha hizo zingeendeshwa hapa, kwa kuwa ombi lisilo na utaratibu hurudi na mhuri wa kukataliwa. Kifungu cha 116 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma niliyoitaja kinamruhusu waziri wa fedha wa kaunti kuanzisha hazina maalumu kwa idhini ya kamati kuu ya kaunti na ya Bunge hili, na kanuni za 2015 zinaweka kikomo cha asilimia 3 kwa gharama za uendeshaji, ili hazina isiliwe na posho za vikao. Mpangaji angeripoti kwa ofisi ya msimamizi wa wadi mara tu anapopata notisi au anapokosa kodi ya mwezi wa kwanza, asingoje wa tatu. Mzee wa mtaa na mtunza ploti wangethibitisha kwamba anaishi pale kweli. Kisha, kabla ya fedha yoyote, pangekuwa na kikao cha kumkutanisha na mwenye nyumba, na hapa ndipo pana moyo wa jambo lote, kwa kuwa migogoro mingi ya kodi ni ya watu waliokwisha acha kusemezana. Mwenye nyumba akihakikishiwa malipo ya sehemu ya deni ndani ya siku chache, na ratiba ya kumaliza iliyobaki, mara nyingi kufuli halihitajiki. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na wapo mitaani kwetu wanaoifanya kazi hii ya upatanishi bila hata nauli. Wangelipwa kidogo kutoka kasma hiyo hiyo, tungekuwa na huduma nzima kwa gharama ambayo haifikii ile ya kongamano moja la hotelini Naivasha.

Malipo yaende kwa mwenye nyumba, kwa njia inayoacha rekodi, yasizidi kiasi kilichowekwa, na yasijirudie kwa familia moja ndani ya mwaka mmoja isipokuwa kwa mafuriko, moto au ugonjwa uliothibitishwa hospitalini. Naomba kiasi hicho kisipangwe kwa kumkisia mpangaji kuwa mlaghai. Shilingi 2,000 kwa mwezi ambazo mzee hupokea kutoka Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, hazitoshi hata kulipia chumba cha mabati, na hakuna ujanja wowote katika umaskini huo.

Nina neno pia kuhusu wenye nyumba, kwa sababu barua kama hizi huwafanya wote kuwa madhalimu. Ploti nyingi za Rhonda na Kaptembwo ni za wastaafu, wajane, na watu waliojenga vyumba kumi kwa mkopo wa sacco (chama cha akiba na mikopo) wanaoendelea kuulipa. Mpangaji wa chumba cha nne asipolipa, mwenye ploti naye ana afisa wa mikopo anayempigia simu. Sheria ya Kuzuia Mali kwa Ajili ya Kodi, Sura ya 293, inampa njia ya dalali mwenye leseni, lakini dalali ana ada zake, na kwa deni la shilingi 6,000 hakuna maana kuzilipa ada hizo, hivyo mwenye ploti anachukua kufuli dukani. Hazina ninayoiomba ni ya kumwokoa huyu pia kutoka katika ukatili ambao wengi wao hawaupendi. Wapo wakorofi, naam, wanaotoa wapangaji ili wapandishe kodi. Hao wasipewe senti ya umma, na sharti la kupokea malipo liwe kwamba kodi ya chumba hicho haipandishwi kwa mwaka mzima.

Hofu ya wizi naijua na ninayo. Kasma ndogo za ustawi wa jamii ndizo rahisi kuliwa, kwa vile wanaonufaika nazo hawana sauti. Kinga ninayoiamini ni moja: orodha ya malipo, kwa idadi, kiasi na wadi bila majina ya familia, ibandikwe kila baada ya miezi mitatu nje ya ofisi ya chifu na ya msimamizi wa wadi. Mtaani watu wanajuana. Ikiandikwa kwamba wadi yangu imelipiwa familia arubaini, na sisi wenyewe tukijumlisha tunazifikia saba, mjadala utaanza bila kumngoja Mkaguzi Mkuu.

Upo upande mmoja ambapo Kaunti haihitaji kumshawishi mtu yeyote, kwa sababu mwenye nyumba ni yenyewe. Mitaa ya zamani ya halmashauri, kama Kivumbini, Flamingo na Kaloleni, ilirithiwa na Kaunti pamoja na wapangaji wake, na baadhi ya wapangaji hao ni wazee waliozaliwa humo. Wizara yenu ya nyumba ingeweza kuanza hata wiki ijayo kwa agizo la kiutawala: asiondolewe mpangaji yeyote wa nyumba ya Kaunti kwa sababu ya malimbikizo ya kodi kabla ya kuitwa, kusikilizwa, na kupewa mpango wa kulipa kidogo kidogo. Na nyumba zinapobaki wazi, chache zitengwe ziwe za kupokea kwa muda familia zilizofurushwa na maji au moto, badala ya kugawiwa kimya kimya kwa wanaojuana. Nitaamini nia ya Kaunti kuhusu landilodi wa Rhonda nikishaiona ikijitendea vyema pale Kivumbini.

Kuhusu kiasi, nachukua mfano wa hesabu rahisi. Tukiweka kikomo cha shilingi 10,000 kwa familia, ambazo ni zaidi ya kodi ya miezi mitatu ya chumba cha shilingi 3,000, basi shilingi milioni 20 zingetosha familia 2,000 kwa mwaka, yaani wastani wa 36 hivi kwa kila moja ya wadi zetu 55. Kaunti hii hupokea mgao wa kitaifa unaozidi shilingi bilioni 13 kwa mwaka, mbali na mapato yake yenyewe. Milioni 20 ni chini ya asilimia 0.2 ya mgao huo. Sitadai kwamba kila familia itakayolipiwa ingekuwa imeishia barabarani, kwa maana wengine wangeokolewa na shangazi au chama. Hata nusu yao wakiwa hivyo, bado tungekuwa tumezizuia familia elfu moja zisisambaratike, katika kaunti ambayo watu wake wote wa mitaani waliohesabiwa mwaka 2018 walizidi elfu mbili kwa watano tu.

Kalenda ya bajeti haitusubiri. Waraka wa Mkakati wa Kifedha wa Kaunti sharti uwasilishwe katika Bunge hili kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio yenyewe kufikia tarehe 30 Aprili. Jambo lisilotajwa katika waraka wa Februari huwa ni vigumu kulichomeka Aprili, na wakati wa vikao vya kuhusisha umma, tunapoitwa katika kumbi za wadi na kupewa dakika mbili mbili, viwango vya juu vya matumizi huwa vimekwisha fungwa. Ndiyo maana naandika sasa.

Naomba basi jibu la maandishi kwa mambo haya: kama Wizara ya Fedha ya Kaunti iko tayari kuiingiza kasma hii katika waraka huo, na kama haiko tayari, ithibitishe, jinsi Ibara ya 20 inavyotaka, kwamba rasilimali hazipo, ni lini wadi zitaanza kuandika wanaofungiwa nyumba, na nyumba ngapi za Kaunti ziko wazi leo. Kwa Waheshimiwa Wawakilishi naongeza kwamba hoja ya mwakilishi mmoja tu inatosha kulifikisha suala hili mbele ya kamati ya bajeti, na kwamba sisi wapangaji wa Kaptembwo tuko tayari kuja kutoa ushahidi siku yoyote tutakayoitwa, tukiwa tumetanguliziwa taarifa ya siku mbili ili tuombe ruhusa vibaruani.

Wenu mwaminifu,
Mpangaji na mkazi wa Wadi ya Kaptembwo, Nakuru

Nakala: Karani wa Bunge la Kaunti, Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, Wasimamizi wa Wadi za Kaptembwo, Rhonda, London na Kivumbini